Jibu: Simu inanikosesha usingizi, nifanyeje?

Ndugu yangu, umesema unapanda kitandani saa nne, unashika simu "dakika tano tu", ukishtuka ni saa nane, na TikTok umeshaifuta mara tatu ukairudisha. Pole sana, nimepita humo humo. Usijione dhaifu: kurasa hizi zimetengenezwa zisiwe na mwisho, kila ukitelezesha kidole kinakuja kingine.

Kilichonisaidia ni kuitoa simu chumbani kabisa. Naichaji sebuleni. Nilinunua saa ya mezani ya kuniamsha, maana kisingizio changu kilikuwa alamu. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kwelikweli, mkono ulikuwa unapapasa chini ya mto wenyewe.

Magrupu ya WhatsApp nimeyanyamazisha yote isipokuwa la familia. Kwenye simu nyingi za Android kuna Digital Wellbeing ndani ya mipangilio, na iPhone ina Screen Time tangu 2018. Zote zinakuwekea kikomo cha muda kwa kila programu. Ila kikomo hicho unaweza kukiondoa mwenyewe papo hapo, ndiyo maana mimi naamini zaidi umbali. Anza na chumba cha kulala leo, halafu utuambie wiki ijayo umefikia wapi.