Kofia ya Paa Imezama: Ninunue au Niache?

SWALI: Nataka kununua nyumba ya vyumba vitatu huku Kisesa. Bati ni geji 30, lakini ukisimama barabarani unaona kofia ya paa, ule mstari wa juu kabisa, imezama katikati. Nilipanda darini nikakuta kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zimeachana sana, na kenchi moja imekatwa ubao wa chini ili kupisha tundu la kupandia. Muuzaji anasema mbao zikikauka ndivyo zinavyokaa. Je, ni kweli? – Msomaji, Igoma, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, kinachotutia hofu zaidi ni huo ubao uliokatwa. Mbao mbili za mteremko zinasukuma kuta kwenda nje, na ubao wa chini ndio unaozizuia zisiachane. Ukishakatwa, ukuta unabeba msukumo ambao haukujengwa kuubeba. Teremsha timazi (uzi wenye kitu kizito mwishoni) kwa nje, usawa wa kenchi hiyo, kutoka juu ya ukuta hadi chini. Ukuta ukiwa umelalia nje, au ukiona ufa wa kulala karibu na linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), usitoe hata shilingi ya kushikilia nyumba mpaka mhandisi aione. Ukuta ukiwa wima, bado inatengenezeka: kenchi iegemezwe kwanza kwa nguzo, ubao urudishwe kwa kubanwa mbao mpya pande zote mbili na kufungwa kwa boliti, si misumari peke yake, na tundu lihamishiwe kati ya kenchi mbili.

Kuhusu kukauka, muuzaji ana ukweli kidogo. Paini ikipigiliwa mbichi hujipinda inapokauka ikiwa na mzigo. Lakini angalia mahali ilipozama. Bati likibonyea kati ya kenchi na kenchi, papi, yaani mbao zinazolala juu ya kenchi na kupigiliwa bati, ni nyembamba au kenchi zimeachana mno. Kofia ikishuka juu ya kenchi moja tu, maungio ya kenchi hiyo yanaachia, na hapo kukauka si sababu.

Panda tena na tochi, tepu na bisibisi. Kanyaga mbao tu, silingi haikubebi. Pima nafasi ya kenchi: mita 1.2 ni nzuri kwa mbao za 2x4 (nchi 2 kwa 4). Ikikaribia mita 2, papi za 2x2 zitazama hata zikiwa kavu. Kisha pima ubao wenyewe. Nyingi zinazouzwa kama 2x4 ukizipima unakuta nchi 1.5 kwa 3.5. Inaonekana tofauti ndogo, kumbe uwezo wake wa kukataa kupinda umeshuka hadi nusu.

Kwenye maungio hesabu misumari. Mbao mbili za nchi 2 zikilaliana zina unene wa nchi 4, kwa hiyo msumari wa nchi 4 unaishia hapo hapo. Wa nchi 5 unatokeza upande wa pili na kukunjwa, na huo haung'oki kirahisi. Misumari iliyopangwa mstari mmoja hupasua ncha ya ubao. Ukiona ufa mwembamba unaounganisha vichwa vya misumari, ungio hilo limeshakufa.

Choma bisibisi kwenye ncha za mbao zinazokalia ukuta, maana ndiko mchwa na unyevu huanzia. Ikizama bila kutumia nguvu, ubao ni wa kubadilishwa. Unga mwepesi juu ya silingi ni alama ya wadudu walio ndani ya mbao, na mirija ya udongo ukutani ni njia ya mchwa.

Halafu ingiza mkono pale kenchi inapokutana na ukuta. Upepo wa ziwani unaotangulia mvua hulinyanyua paa kutoka chini, hasa kwenye nyumba za mlimani zisizo na kizuizi. Utafute nondo au waya mnene uliotoka ndani ya linta ukazungushwa kwenye kenchi. Ukikuta misumari miwili ya mshazari tu, paa hilo limeshikwa na uzito wake, na bati la geji 30 ni jepesi mno.

Mpeleke fundi wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji, akuandikie gharama kabla hamjakubaliana bei. Kama kenchi lazima ziongezwe kwa kufungua juu, aweke na bati mpya za upande huo. Bati kuukuu ukiling'oa misumari, matundu hupanuka, na ukilirudisha linavuja.