Re: Bolti ya AR-15 ya bei chee, ninunue?
Mkuu, kwa vile uko Texas na unataka bolti (kile kipande kinachofunga nyuma ya risasi) ya kubadilisha kwenye bunduki yako ya AR-15, achana na rangi na nembo, uliza chuma gani kwanza. Ya kiwango cha jeshi la Marekani ni chuma kinaitwa Carpenter 158, kingine cha 9310 nacho freshi tu kama kimepikwa moto vizuri. Tafuta herufi MP kwenye bolti, yaani imekaguliwa nyufa kwa sumaku. Kama unachukua na keria yake (kile kibebeo bolti inamokaa), cheki zile skrubu mbili za juu zinazoshika kibomba cha gesi (gas key), chuma cha pembeni ya skrubu lazima kiwe kimegongwa kikazibana kwelikweli, mi niliuziwa moja imeparuzwa tu kama kwa msumari, hata mwezi haukuisha skrubu zikalegea, gesi inavuja, bunduki inakwama kila saa. Muuzaji akijiumauma kutaja chuma, sepa.