Re: Nina PCM, nataka kuwa mwalimu wa hesabu sekondari

Mdogo wangu, umeuliza kama PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu za fomu siksi) inatosha kuwa ticha wa hesabu au mpaka usome diploma kwanza. Inatosha, omba BSc with Education (digrii ya sayansi na ualimu) moja kwa moja, vyuo vya UDSM kama DUCE pale Chang'ombe, Dar, au MUCE Iringa, ni miaka 3 na unachukua masomo mawili ya kufundishia, mi nakushauri Math na Fizikia maana walimu wake ni wachache sana.

Ila ujiandae na fomu wani. Wametoka kusoma hisabati kwa Kiswahili, ghafla kila kitu Kiingereza, mtoto anajua kujumlisha vizuri tu ila swali halielewi. Nikiwa field (mazoezi ya kufundisha shuleni) nilikuwa na binti kila siku anakosa namba hasi, nikamwambia unadaiwa chapati tano umelipa tatu, akacheka akaandika -2 fasta, kumbe alikuwa anaijua siku zote. Kwahiyo ukifika field usikimbilie kumaliza silabasi, kagua madaftari yao yote hata kama darasa lina watoto 80, humo ndo utaona wanapokwama.

Mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) omba mapema, vyeti vya kuzaliwa vihakiki RITA (wanaosajili vizazi na vifo) sasa hivi.