Haidroliki ya trekta la zamani: kuongeza presha au kuongeza pampu?

Swali: Mhandisi, salaam. Nina trekta aina ya Massey Ferguson 35 la mwaka 1962, lenye injini ya dizeli ya silinda tatu. Asubuhi mikono ya nyuma hunyanyua plau bila shida, lakini mafuta yakishapata moto hunyanyua polepole, na plau likiwa juu huwa linashuka kidogo na kupanda tena, kama linaitikia kwa kichwa. Nataka pia kulifunga loda la mbele, yaani mikono yenye kijiko cha kunyanyulia mizigo, lenye silinda za kusukuma pande zote mbili. Fundi mmoja amenishauri niongeze washa (vipete vya chuma) nyuma ya springi ya valvu ya usalama ili presha ipande, na kwamba hilo litamaliza matatizo yote mawili. Je, nifuate ushauri huo?

Jibu: Ndugu msomaji, usiongeze washa hizo. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na washa haziponyi hata moja.

Tuanze na plau. Valvu ya usalama huweka kikomo cha presha ambayo pampu inaruhusiwa kufikia; haiongezi uwezo wa pampu. Trekta linaponyanyua vizuri mafuta yakiwa baridi na kuchoka yakiwa ya moto, maana yake ni kwamba mafuta yamekuwa mepesi na yanapenya mahali palipolika, kwa hiyo pampu haikifikii hata kikomo kilichopo sasa. Kukipandisha kikomo ambacho hakifikiwi ni kazi bure. Hatari inakuja baadaye, siku utakapotengeneza pampu na kusahau kuziondoa washa: presha itapanda kupita ile ambayo kifuniko cha chuma cha kutupwa, bolti zake na pini za mikono vilitengenezwa kuihimili zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Huko kuitikia kwa kichwa nako kunaeleza mengi. Mafuta yanavuja kutoka kwenye silinda ya kunyanyulia, mikono inashuka kidogo, mfumo wa udhibiti unahisi kwamba imeshuka, unafungua njia, pampu inajaza, mikono inapanda, kisha mafuta yanavuja tena. Ili kuthibitisha, nyanyua plau mpaka juu, zima injini, weka alama ya chaki kwenye ukuta au nguzo iliyo karibu usawa wa ncha ya mkono, na uangalie. Plau likizama ndani ya dakika chache, kwanza chunguza ringi za pistoni na oringi za bomba linalopitisha mafuta kutoka kwenye pampu kwenda kwenye silinda. Usiingie chini ya plau wakati wa jaribio hilo.

Kabla ya kufungua chochote, mwaga mafuta kidogo kwenye chombo cheupe. Katika trekta lako mafuta ya giaboksi, difu na haidroliki ni yale yale, kwa hiyo unga wa chuma unaotoka kwenye gia hupita pia kwenye pampu. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yameingiliwa na maji, na kwa trekta linalolala nje maji hayo mara nyingi hupitia kwenye mpira uliochanika wa gia liva. Safisha chujio la pampu, badilisha mafuta, kisha funga geji ya presha inayosoma hadi bari 250 (bari ni kipimo cha presha) kwenye tundu la kutolea mafuta na upime mara mbili, yakiwa baridi na yakiwa ya moto. Linganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha trekta. Nimewahi kuletewa pampu iliyohukumiwa kuwa imekufa, kumbe chujio lilikuwa limezibwa na nyuzi za tambara alilolitumia mtu kufutia ndani ya nyumba ya gia.

Sasa loda. Hapa ndipo watu wengi huchanganya presha na ujazo. Presha ndiyo inayoamua uzito utakaonyanyuliwa. Ujazo wa mafuta kwa dakika ndio unaoamua mwendo. Chukua silinda mbili zenye kipenyo cha milimita 50 na pistoni zinazosafiri milimita 600: kuzijaza kunahitaji karibu lita 2.4. Pampu ikitoa lita 12 kwa dakika, loda litachukua sekunde 12 kufika juu; ikitoa lita 24, litachukua sekunde 6. Nguvu ya kusukuma haibadiliki: kwa bari 150 kila silinda itasukuma karibu kilonewtoni 29, ambayo ni sawa na kubeba takriban tani tatu, ingawa kwenye ncha ya kijiko itapungua sana kwa sababu ya urefu wa mikono ya loda.

Pampu ya ndani ya trekta lako haifai kazi hiyo, hata ikiwa mpya. Ni pampu ya pistoni nne iliyobuniwa kwa ajili ya mikono ya nyuma, na valvu yake ya kudhibiti iko upande wa kufyonza, yaani inapokuwa haihitajiki inanyimwa mafuta badala ya kuyazungusha. Loda linataka mafuta yanayozunguka muda wote. Zaidi ya hayo, pampu hiyo huendeshwa na shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye vifaa vya nyuma. Ikiwa trekta lako lina klachi ya hatua moja, kila ukikanyaga klachi ili kubadili gia kutoka mbele kwenda nyuma, pampu inasimama na loda linasimama nusu ya safari. Klachi ya hatua mbili, ambayo ukiikanyaga nusu hukata mwendo wa magurudumu tu, inapunguza kero hiyo, lakini inakudai mguu wenye adabu siku nzima.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuiacha haidroliki ya zamani ifanye kazi yake ya nyuma, kisha uongeze mfumo wa pili unaojitegemea: pampu ya gia inayoendeshwa na krenkishafti (shafti kuu ya injini) upande wa mbele kupitia kapulingi yenye mpira, tangi lake, filta yake, na valvu ya liva mbili inayopitisha mafuta wazi liva zikiwa katikati, yenye valvu yake ya usalama iliyowekwa bari 150. Pampu ya sentimita za ujazo 16 kwa mzunguko, injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, inatoa lita 24. Ikifanya kazi kwa presha kamili itadai karibu kilowati 7 baada ya kuhesabu upotevu, yaani takriban robo ya nguvu za injini yako. Ndiyo maana sikushauri pampu kubwa zaidi.

Angalia upande wa kuzunguka kabla ya kununua. Mwelekeo wa pampu ya gia hutajwa ukiwa umeitazama upande wa shafti yake. Injini yako ikitazamwa kutoka mbele huzunguka kufuata mwendo wa saa, kwa hiyo pampu iliyofungwa moja kwa moja mbele yake inatakiwa iwe ya kuzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Ukiikosea, haitasukuma mafuta, na presha inaweza kuing'oa sili ya shafti.

Mpira wa kufyonza uwe wa milimita 25, mfupi, wenye waya ndani ili usinywee, na tangi liwe juu kuliko pampu ikiwezekana. Mipira ya presha ya milimita 12 inatosha. Tangi la lita 40 litatoa nafasi ya mafuta kupoa na mapovu kupanda. Filta ya mikroni 25 kwenye njia ya kurudi inatosha. Usifunge tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye nyuzi za viungo; vipande vyake hukatika na kukwama ndani ya valvu.

Ekseli ya mbele haikubuniwa kubeba loda. Kagua kingipini (pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia) na beringi za magurudumu, na weka uzito nyuma kila unapofanya kazi na kijiko.

Siku ya kuwasha, jaza mafuta tangini na kwenye mwili wa pampu, acha liva zikiwa katikati, na injini iende taratibu kwa dakika tano. Kisha panua na ukunje kila silinda mara kadhaa bila mzigo, zima injini ukiwa umeshusha kijiko chini, na uongeze mafuta, kwa sababu silinda zitakuwa zimeyachukua. Uvujaji utafute kwa kipande cha karatasi ngumu, kamwe si kwa kiganja: tundu dogo kama la sindano kwenye mpira wa presha linaweza kuingiza mafuta chini ya ngozi, na jeraha hilo, hata likionekana kama kidonda cha mwiba, linahitaji daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo.