Turbo au breki kwanza?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Mazda MX-5 ya 1991, injini 1.6. Naendea kazini, na mara mojamoja naikimbiza kwenye uwanja wa mbio za magari. Nataka kufunga turbo, iisukumie injini hewa zaidi ipate nguvu. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Turbo iache kwanza. Gari hilo halifiki hata tani moja; utamu wake uko kwenye kona.

Anza na breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Mapya ya daraja la DOT 4 huhimili nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji yanaweza kuchemkia 155, na pedali inazama mpaka chini huku kona ndiyo hiyo imefika. Yamwage yote, weka mapya, na mipira ya breki ubadilishe pia. Pedi kali za mashindano usifunge, maana zikiwa baridi hazishiki, na asubuhi ya kazini huwa baridi. Chukua za kati.

Kisha bushi, ile mipira ya kwenye viungo vya miguu ya gari: piga tochi chini, mpira wenye nyufa toa. Shokapu na springi nunua seti moja. Kukata springi ili gari lishuke? Mimi sigusi kazi hiyo.

Tazama rejeta pia. Plastiki yake ya juu ikishageuka kahawia, iko karibu kupasuka.

Ukimaliza hayo, niandikie tuongee turbo.