Chanjo ya nyongeza ya korona ukiwa na ugonjwa wa kinga: mimi naamuaje

Dada mmoja anayeishi na lupus, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, aliniandikia wiki iliyopita: "Dada, imepita zaidi ya mwaka tangu nichanjwe mara ya mwisho. Daktari anasema nichome nyongeza, mume wangu hataki hata kusikia, na mimi naogopa ugonjwa usije ukaamka. Wewe ulifanyaje?" Nilimjibu siku ileile, lakini jibu likawa refu, na najua wapo wengi wanaojiuliza swali hilohilo wakiwa wamenyamaza. Kwa hiyo naliweka hapa.

Mimi nina baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo. Methotreksati nameza mara moja kwa wiki, haidroksiklorokwini kila siku, na kuna vipindi nimewekwa kwenye prednisoloni; zote ni dawa za kuituliza kinga hiyo. Mwili ukitulia, anayenitazama hajui kama naumwa. Ukiamka, dawa ya meno naibana kwa kiganja kwa sababu vidole havikunji, na mfuniko wa chupa ya maji namwomba mtoto anifungulie. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mtu mwenye afya yake akiniambia "chanja tu, unaogopa nini", namsikia, lakini najua hajui anachozungumza.

Ninachokitaka nadhani ndicho mnachokitaka nyote mnaosoma hapa: kufanya kazi zetu, kulea watoto wetu, kuamka asubuhi na vidole vinavyotii. Utulivu huo tumeupigania kwa miaka. Sasa ukiambiwa uingize mwilini kitu ambacho kazi yake ni kuamsha kinga, wakati shida yako yote ni kinga iliyoamka kupita kiasi, ukisita hujawa mjinga. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu niliposita mimi mwaka 2021 niliitwa majina. Upande mmoja nikawa mpinga chanjo, upande mwingine nikaambiwa nikichanja nitakufa. Shangazi yangu, ninayempenda sana, alinishika mkono akasema, "Mwanangu, mwili wako tayari unajipiga wenyewe, unauongezea nini tena?" Katika wote hao hakuna aliyeniuliza natumia dawa gani.

Na hofu yetu ilikuwa na msingi. Majaribio makubwa ya Pfizer na Moderna ya mwaka 2020 hayakuwachukua watu wanaotumia dawa za kushusha kinga. Chanjo zilipotoka, takwimu za watu kama sisi zilikuwa bado hazijakusanywa. Tena tulikuwa tumeshaumizwa. Machi 2020, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliruhusu haidroksiklorokwini itumike kwa dharura kwa wagonjwa wa korona waliolazwa, na Juni mwaka huohuo ikaifuta ruhusa hiyo. Mwezi huohuo wa Juni jaribio la RECOVERY la Uingereza likaonyesha kwamba haiwasaidii waliolazwa. Lakini hapo katikati watu wazima wenye afya zao waliinunua wakaiweka kabatini, na sisi tunaoimeza kila siku tukawa tunatoka duka moja la dawa kwenda jingine tukiambiwa imeisha. Sijamsikia mtu akituomba radhi hadi leo.

Dozi za mwanzo sitazieleza, zilipita. Kilichonisumbua ni nyongeza, kwa sababu hapo ndipo kila mtu alikuwa na jibu lake. Daktari wa kwanza niliyemuuliza aliniambia "wewe chanja" bila kuinua macho kwenye karatasi. Wa pili, sehemu nyingine, alisema "na ugonjwa wako huo, achana nayo." Nilitoka pale nikiwa na majibu mawili yanayopingana na sina hata sababu moja. Iliniuma, na bado inaniuma, maana mgonjwa wa miaka mingi hastahili kujibiwa kwa neno moja kana kwamba ameuliza saa ngapi.

Aliyenisaidia ni daktari anayefuatilia viungo vyangu. Yeye hakuanza na ndiyo wala hapana. Alitaka kujua ugonjwa umekaaje mwezi huo, natumia dawa gani na nazimeza siku gani, na dozi iliyopita mwili ulifanya nini, ulianza lini na uliisha lini. La mwisho hilo nilikuwa na jibu lake, na najivunia kusema nilikuwa nalo kwa maandishi. Tangu nigundulike nina daftari. Kila asubuhi naandika viungo gani vimekaza na vimechukua muda gani kulegea. Nililifungua mbele yake tukasoma pamoja: baada ya dozi, homa ya usiku mmoja, mkono wa sindano kuuma, vifundo vya mikono kukaza asubuhi kadhaa, kisha kimya. Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoanza kuwa ya watu wazima.

Akanieleza kwamba kufikia wakati huo takwimu zilikuwa zimepatikana. EULAR, muungano wa Ulaya wa wataalamu wa baridi yabisi na magonjwa ya jamii yake, ulikusanya taarifa za wagonjwa zaidi ya 5,000 waliochanjwa, zikachapishwa mwaka 2022. Kwa wenye magonjwa ya kinga ya jamii hii, ugonjwa uliamka kwa asilimia 4.4 ya watu, na ulioamka kwa ukali haukufika hata mtu 1 katika 100. Kwangu namba hiyo haikuwa sifuri. Mimi mwenyewe naweza kuwa ndani ya hiyo 4.4. Lakini ilikuwa mbali sana na picha niliyokuwa nayo kichwani, ya kwamba nikichoma lazima nilale kitandani mwezi mzima.

Kisha tukafika kwenye methotreksati, na hili ndilo ningetaka kila anayeitumia alijue. Dawa hii inatuliza kinga, kwa hiyo inaweza kuituliza hata pale tunapotaka iitikie chanjo. Jaribio la VROOM la Uingereza liliwachukua wagonjwa 254 wanaoitumia. Nusu waliisimamisha kwa wiki 2 mara tu baada ya nyongeza, nusu wakaendelea kumeza. Waliosimamisha walipata kingamwili, yaani askari wa mwili wanaovikamata virusi, karibu mara mbili ya wenzao. Bure haikuwa: ugonjwa uliwasumbua zaidi kwa muda, ingawa wengi waliumudu wenyewe. Chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani nacho kilikuwa kikishauri kuisimamisha kwa wiki 1 hadi 2 mara tu baada ya dozi, ikiwa ugonjwa umetulia kiasi cha kuruhusu. Haidroksiklorokwini haiguswi, unaendelea nayo. Na prednisoloni, tafadhali sana, usiiache ghafla kwa akili yako mwenyewe. Mwili uliozoea kuipata hushindwa kutengeneza homoni yake mara moja, na hapo unatafuta hatari kubwa kuliko ile uliyokuwa unaikimbia.

Basi nilichoma. Methotreksati nikaisimamisha kama tulivyokubaliana, vifundo vikaamka, nikavumilia, vikatulia. Nilijisikia fahari isiyoelezeka, si kwa sababu ya sindano, bali kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeamua jambo la mwili wangu nikijua kwa nini.

Baadaye korona yenyewe ilinipata. Kifua hakikunilaza hospitali, namshukuru Mungu. Viungo ndivyo vilivyolipa. Maumivu ya baada ya chanjo yalikuwa ya kuhesabu asubuhi. Haya yaliendelea wiki kwa wiki mpaka nikarudishwa kwenye prednisoloni, uso ukavimba, usingizi ukakimbia. Sisemi itakuwa hivyo kwako, mwili wako si wangu. Nasema hivi: ukiweka hofu ya chanjo kwenye mizani, upande wa pili usiuache mtupu. Virusi navyo vinaamsha kinga, na vyenyewe havisubiri ujiandae.

Zamu iliyofuata niliahirisha. Viungo vilikuwa vimeamka vibaya, dawa zinapandishwa, na kusimamisha methotreksati kusingewezekana. Mwongozo wa Marekani haudai ugonjwa uwe umelala ndipo uchanje, lakini mimi na daktari wangu tulipima tukaona tungoje utulivu ili dozi ifanye kazi yake vizuri. Wakaja walewale wa mwanzo: "Si umeona? Umekubali haifai." Hapana. Kuahirisha si kukataa. Nilichoma nilipotulia.

Sasa, wewe unayesoma hili, ugonjwa wako unaweza kuwa tofauti kabisa, na hapa watu wengi wanachanganya. Kuwa na kinga inayojishambulia na kuwa na kinga dhaifu si jambo moja. Mtu ambaye kinga imeharibu tezi yake ya shingo, na anameza homoni ya tezi pekee, hana dawa inayomshusha kinga. Uamuzi wake unategemea zaidi umri na magonjwa mengine aliyonayo. Mwenye lupus anayetumia mikofenoleti, dawa ya kushusha kinga, yuko kwingine. Anayepewa dripu ya ritukisimabu yuko kwingine kabisa, kwa sababu dawa hiyo inafyeka zile seli zinazotengeneza kingamwili. Akichanjwa muda mfupi baada ya dripu, anaweza kupata kingamwili kidogo mno. Huyo tarehe ni kila kitu: kwa kawaida inatafutwa nafasi kama wiki 4 kabla ya dripu inayofuata. Ndiyo maana narudia na nitarudia: jadili tarehe na dawa. Usikubali jibu la ndiyo au hapana lisilotaja tarehe na dawa.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya korona tarehe 5 Mei 2023, na wengi wakaona habari imekwisha. Kwa watu wazima wenye afya njema, kweli uzito umepungua. Lakini Machi mwaka huohuo shirika hilohilo liliwaweka wenye kinga dhaifu kwenye kundi la kwanza, likapendekeza nyongeza miezi 6 au 12 baada ya dozi ya mwisho. Ikiwa unatumia dawa za kushusha kinga, jirani yako kutochanja tena si kipimo chako. Msilinganishe, jamani.

Na msiamue kwa sauti za WhatsApp. Nimesikiliza moja inayosema tunadungwa virusi hai. Chanjo za Pfizer na Moderna hazina kirusi cha korona ndani yake, zina maelekezo tu ya kutengeneza kipande cha protini yake. AstraZeneca ilitumia kirusi kingine kilichofanywa kisiweze kuzaliana, na Sinopharm ni kirusi kilichouawa. Chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa ni kama ile ya surua au homa ya manjano, na hizo ndizo wanaotumia dawa kali za kushusha kinga huambiwa waziepuke. Anayetisha watu bila kujua tofauti hiyo anacheza na maisha ya wenzake.

Zipo sababu za kweli za kusimama. Kama dozi iliyopita ilikuletea mzio mkali, kuvimba koo au kushindwa kupumua, au uliwahi kupata uvimbe wa misuli ya moyo baada ya chanjo ya Pfizer au Moderna, au damu kuganda pamoja na chembe sahani (zile za damu zinazosaidia kuziba jeraha) kushuka baada ya AstraZeneca, usiende kupanga foleni kabla hujazungumza na daktari anayelijua faili lako. Hilo si woga. Mume au mama mkwe akikuzuia kwa kuwa amesikia fulani alipooza, hiyo si sababu ya namna hii. Mpende, mheshimu, mwombe aje naye kliniki asikilize. Wangu alikuja, na maswali yake yalikuwa mazuri kuliko yangu.

Ukishaamua, panga siku ambayo kesho yake huna shughuli nzito. Mwongozo uleule wa Marekani unasema, kama ugonjwa umetulia, usimeze parasetamoli wala dawa za maumivu saa 24 kabla ya sindano. Baada ya sindano, ukipata homa, meza. Andika viungo vyako vilivyokuwa wiki moja kabla na wiki chache baada, ili zamu ijayo usitegemee kumbukumbu ya mtu aliyekuwa na hofu.

Na iwe umechoma au umeacha, uwe na mpango wa siku utakayopima ukakuta unayo. Paxlovid, vidonge vya kutibu korona, huanzwa ndani ya siku 5 tangu dalili zianze, kwa hiyo ukingoja "nione kwanza inaendaje" unaweza kuikosa. Pia inagongana na baadhi ya dawa zetu: inapandisha takrolimasi na saiklosporini kwenye damu hadi kiwango cha hatari. Muulize daktari wako sasa hivi, ukiwa mzima, umpigie nani siku hiyo na dawa zipi zisimame, kisha uyaandike majina ya dawa zako zote na dozi zake mahali ambapo mtu mwingine nyumbani anaweza kuyapata na kuyasoma.