Kiwambo Kimoja cha Sauti kwa Raifo Nne

Maswali ya wasomaji na majibu, kutoka Dodoma

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Kondoa, nilisoma chuo cha wanyamapori cha Mweka, na huu ni mwaka wangu wa tatu katika shamba la wanyamapori huko Limpopo, Afrika Kusini, ambako tunavuna swala pala kwa ajili ya nyama na kupokea wawindaji wakati wa msimu. Raifo za shamba ni nne, zikitajwa kwa takriban unene wa risasi zake kwa inchi: .223, .308, .300 Winchester Magnum na .375 H&H. Mwajiri wangu amekubali kununua kiwambo cha sauti kimoja tu kwa sasa, yaani kile kifaa kinachofungwa mdomoni mwa mtutu kupunguza mlio, na kazi ya kukichagua ameniachia mimi, ambaye sijawahi kumiliki kifaa hicho. Muuzaji ananishauri nichukue cha .375 kwa kuwa kitaingia kwenye raifo zote nne. Wenzangu wanataka cha .223 kwa kuwa ndiyo tunayoifyatua karibu kila wiki. Nimsikilize nani? Na nikija Dodoma likizo ya Desemba, ninaweza kuja nacho nimwoneshe baba, ambaye ana leseni ya raifo?

Msomaji, Limpopo

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usimfuate muuzaji, wala usiwafuate wenzako. Nunua kiwambo cha .30, yaani kile kilichotengenezwa kwa risasi za kundi la milimita 7.62, na uhakikishe kwamba mtengenezaji ameandika waziwazi kuwa kinastahimili .300 Winchester Magnum. Kitafanya kazi kwenye raifo tatu kati ya nne. Hiyo ya nne, .375, iache kama ilivyo na uvae viziba masikio kila unapoishika.

Nitaeleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa jambo hili linanigusa mwilini. Nilikuwa askari wa wanyamapori katika mapori ya akiba ya Rungwa na Kizigo kwa miaka 21, na katika muda wote huo sikuwahi kuziba masikio wakati wa kufyatua. Leo sikio langu la kushoto linalia kama nyenze wa Itigi, mchana na usiku, na wajukuu wangu wamezoea kuzunguka upande wa kulia wanapotaka kuniambia jambo. Sikio la kushoto ndilo huumia zaidi kwa mtu anayelenga kwa bega la kulia, kwa sababu ndilo linaloelekea mdomo wa mtutu, huku la kulia likikingwa kidogo na kichwa chenyewe. Kwa hiyo unaponiuliza juu ya kiwambo, mimi sifikirii kabisa habari za kumficha mwindaji. Ninafikiria masikio yako na ya yule kijana anayeshika taa kando yako.

Raifo ya .308 isiyo na kiwambo hutoa kishindo cha desibeli 160 na zaidi kwenye mdomo wa mtutu, wakati wataalamu wa usikivu huhesabu desibeli 140 kuwa ndipo mlio mmoja tu wa ghafla unapoweza kulidhuru sikio. Kiwambo kizuri hupunguza desibeli 20 hadi 35. Usizidharau namba hizo kwa kuona ni ndogo, maana katika kipimo hiki kila desibeli 10 ni mara kumi ya nguvu ya sauti, na desibeli 30 ni mara elfu moja. Hata hivyo kinachobaki kinazunguka palepale kwenye mpaka wa hatari, na ndiyo maana mtu anayefyatua risasi nyingi kwa usiku mmoja, kama ninyi mnaovuna, anapaswa kuvaa viziba masikio hata baada ya kufunga kiwambo. Tena kuna mlio wa pili ambao hakuna kiwambo kinachoweza kuugusa. Sauti husafiri kwa kasi ya karibu mita 340 kwa sekunde, na risasi ya .308 hutoka kwa takriban mita 800. Risasi hiyo inapoipita sauti hupasua hewa kwa mlio mkali kama wa mjeledi, na mlio huo unaandamana nayo mpaka inapofika. Anayekuahidi ukimya kamili na risasi za kawaida za kuwindia hajui anachokiuza.

Sasa tuje kwenye kipenyo. Kanuni ya kwanza ni kwamba tundu la kiwambo lazima liwe kubwa kuliko risasi nene kuliko zote utakazopitisha, na hapo hakuna msamaha. Risasi ya .223 ina unene wa milimita 5.7 hivi; ya .308 na ya .300 Winchester Magnum zote mbili zina milimita 7.8, na ya .375 inafika milimita 9.5. Ukipitisha risasi nyembamba kwenye tundu pana hakuna kinachovunjika, isipokuwa gesi kidogo zaidi hupenya pembeni ya risasi na unapoteza desibeli chache. Kwa .223 ndani ya kiwambo cha .30, tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba mtu aliyevaa viziba masikio hataitambua. Ukipitisha risasi nene kwenye tundu jembamba, kiwambo hupasuka mbele ya uso wako. Hicho ndicho kinachonitisha katika ushauri wa wenzako: kiwambo cha .223 kitakaa shambani pamoja na raifo tatu zisizokifaa, na ipo siku, alfajiri, mtu mwenye usingizi atakifunga pasipo mahali pake.

Kipenyo peke yake hakitoshi, na hapa ndipo wanunuzi wengi wa mara ya kwanza hukosea. Risasi ya .308 na ya .300 Winchester Magnum zina unene uleule, lakini ya kwanza huchoma karibu gramu 3 za baruti na ya pili gramu 4.5 au zaidi. Kiwambo kinachoandikwa .30 tu, bila kutaja magnamu, huenda kikawa hakikujengwa kupokea gesi yote hiyo. Soma pia urefu wa chini wa mtutu ambao mtengenezaji anauruhusu kwa kila aina ya risasi, kwa sababu kadiri mtutu unavyokuwa mfupi ndivyo gesi inavyotoka ikiwa bado na moto na msukumo mwingi, na visahani vya ndani ya kiwambo, vinavyoizuia gesi, huliwa mapema. Risasi ndogo ya .223 kwenye mtutu uliokatwa inaweza kukila kiwambo haraka kuliko risasi kubwa kwenye mtutu mrefu.

Kuhusu ushauri wa muuzaji, ni kweli kwamba kiwambo cha .375 kitaziingia raifo zote. Lakini fikiria ni mara ngapi kwa mwaka mnaifyatua ile .375. Kama ni siku za nyati tu, basi mtabeba chombo kirefu na kizito zaidi kila usiku wa mwaka, kikifanya kazi hafifu zaidi kwenye .223 yenu, kwa ajili ya raifo ambayo muda mwingi imelala kabatini. Hiyo hamu ya kifaa kimoja cha kila kitu nadhani umeipata kwenye maandishi ya Wamarekani. Wao wana sababu yao: tangu sheria yao ya mwaka 1934, kila kiwambo kiliandikishwa serikalini na kulipiwa kodi ya dola 200, na kusubiri kibali kulichukua miezi mingi. Kodi hiyo imeshushwa hadi sifuri kuanzia Januari 2026, lakini kuandikisha kumebaki. Mtu aliyepita mlango mwembamba namna hiyo hutaka kiwambo kimoja kifae kila raifo. Huko Afrika Kusini uliko, kiwambo huuzwa bila leseni ya peke yake, kwa hiyo mwajiri wako akiona faida yake anaweza kununua cha pili mwaka ujao.

Kabla ya kulipa, pima hesi, yaani mikato ya skrubu mdomoni mwa mtutu ambayo kiwambo hufungwa juu yake. Mtutu mwembamba wa .223 huenda umekatwa hesi ya M14x1, na ule mnene wa magnamu M15x1 au M18x1, na nyingine zina vipimo vya inchi vya Kimarekani. Tafuta kiwambo ambacho kitako chake cha hesi hubadilishwa, ununue kitako kwa kila raifo, na uvitie alama kwa rangi. Kama raifo haina hesi kabisa, mpelekee fundi wa bunduki, usimpelekee fundi wa kerezo wa jumla hata kama ni hodari wa mashine za matrekta. Hesi lazima ifuate tundu la mtutu, wala isifuate ngozi yake ya nje, kwa sababu viwili hivyo mara nyingi havilingani.

Mwaka niliopelekwa huko Afrika Kusini kwa mafunzo ya kuvuna, mkufunzi wetu alitupa kiwambo kimoja tukipitishe mkononi, mtu hadi mtu. Kwa nje kilikuwa kizima. Ulipokigeuza na kutazama tundu la mbele, ukingoni kulikuwa na mfuo mmoja unaong'aa, upana wa ukucha wa kidole kidogo, palipopitwa na risasi iliyokwenda mshazari. Na ulipokitikisa, visahani viwili vya ndani vililia kama sarafu ndani ya kopo. Hesi ilikuwa imekatwa upande kwa kiasi kidogo mno kuonekana kwa jicho. Tangu siku hiyo siamini kiwambo chochote kipya mpaka nipitishe ndani ya mtutu fimbo ya chuma iliyonyooka inayouzwa kwa kazi hiyo, bunduki ikiwa tupu na bolti imetolewa, kisha nitazame mbele kama fimbo imekaa katikati ya tundu. Fanya hivyo kwa kila raifo kati ya tatu zako, na urudie kila kitako kinapobadilishwa.

Ukishakifunga, lenga upya kwenye shabaha. Uzito wa gramu 300 au 500 kwenye ncha ya mtutu hubadilisha mtetemo wake, na risasi itaangukia pengine, wakati mwingine sentimita kadhaa kwa mita 100. Kila raifo itahama kwa namna yake, kwa hiyo weka daftari. Kwa upande mwingine utaona teke la bunduki limepungua sana, na wafyatuaji wachanga waliokuwa wakifumba macho kabla ya mlio wataanza kutulia. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa na kutoroka mara nyingi ni kazi ya mtu aliyeliogopa bega lake.

Kwa kuwa mnafyatulia kutoka kwenye gari na vichakani, kitazame pia kile cha aina inayorudi nyuma na kuuzunguka mtutu, maana hakiongezi urefu mwingi mbele. Chuma kisichoshika kutu ni kizito lakini ni kivumilivu, titani ni nyepesi na ghali, na alumini huliwa mapema na gesi ya moto. Kwa kazi yenu ya usiku ningechagua chuma. Kitapata joto la kuunguza ngozi baada ya risasi chache mfululizo, basi wafundishe wasaidizi wako wasikishike. Mkirudi, kifungue na ukiweke kikauke mbali na raifo. Gesi ya baruti ina mvuke wa maji, na ukikiacha kimefungwa usiku kucha kutu itaanzia mdomoni mwa mtutu.

Ama kuhusu kuja nacho Dodoma, usije nacho. Sheria ya hapa ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 ndiyo itakayokupokea uwanja wa ndege, na maelezo kwamba kule ulikinunua bila leseni hayatakusaidia. Leseni ya baba yako ni ya raifo yake; isikudanganye kwamba inafunika kila kinachoweza kufungwa kwenye raifo hiyo. Mpigie picha, mwoneshe. Kama anakitaka cha kwake, aandike barua polisi, kwenye ofisi iliyompa leseni, na asitoe hata shilingi moja kabla ya kujibiwa kwa maandishi.

SWALI: Shikamoo baba. Mume wangu ana raifo ya .22 yenye leseni, tunalima zabibu na mtama nje kidogo ya Dodoma. Siku hizi anaongeza sauti ya redio mpaka majirani wanalalamika. Kuna mtu amemletea kiwambo kilichotengenezwa mtaani kutokana na chujio la gari, akasema ni salama kwa risasi ndogo. Nimwache akitumie?

Mama wa Hombolo

JIBU: Marahaba, mwanangu. La, asikitumie hata mara moja. Chombo hicho hakina mtengenezaji wa kuulizwa wala kipimo cha kukiamini, na kukutwa nacho nyumbani kunaweza kumgharimu leseni yake na uhuru wake pia. Kikataeni leo, mbele ya mtu mwingine, naye aliyekileta aondoke nacho.

Lakini hiyo redio ndiyo iliyonifanya niijibu barua yako kabla ya nyingine zilizotangulia, kwa sababu mimi nami nilianza hivyo. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo akapimwe usikivu. Kinachopotea kwa kishindo hakirudi, ila kinachobaki kinaweza kulindwa, na kwa hilo hahitaji kiwambo wala kibali. Viziba masikio vya vikombe vinavyovaliwa na mafundi wa mashine za kukatia mbao hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi hapa mjini. Avivae kabla ya kuiingiza risasi, asivivue mpaka bunduki iwe tupu, na ninyi mlio karibu naye shambani muwe navyo pia.